Chatu Tumboni, Baridi Mgongoni

Acheni kwanza mazombi. Acheni kirusi kilichotoroka maabara, acheni nyumba yenye mizimu na mlango unaojigonga wenyewe saa nane za usiku. Sisi mashabiki wa mambo ya kutisha tumehangaika miaka yote hii na makombo ya mezani kwa watu, kumbe sufuria lenyewe lilikuwa limefunikwa Tukuyu, wilayani Rungwe! Nimesoma kwa mara ya kwanza habari za maradhi ya Wanyakyusa ya kutafunwa usiku na kupuliziwa mchana, na natangaza bila aibu kwamba sijawahi kukutana na ugonjwa wa kubuni, wa riwaya wala wa filamu, uliosukwa vizuri kiasi hiki. Na ajabu yake ni kwamba hakuna mtunzi mmoja aliyekaa akaubuni. Umebuniwa na vijiji vizima.

Kitabu chenyewe ni Good Company cha Monica Wilson, kilichotolewa na Oxford University Press mwaka 1951. Mama huyu alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1908, na katika miaka ya 1930 yeye na mumewe Godfrey walikaa Rungwe, wakajifunza Kinyakyusa, wakaandika walichoambiwa na walichokiona kuhusu ng'ombe, ndoa, mazishi, migomba na ndoto. Ni kitabu cha kitaaluma, cha Kiingereza, na hakikuandikwa ili kumburudisha mtu. Kuna kurasa za mambo ya ukoo na mahari ambazo mpenda vitisho atazipitia akipiga miayo. Vumilieni, jamani. Mkishafika kwenye chatu hamtakiweka chini.

Mfumo uko hivi. Mchawi wa Rungwe anayeelezwa humo hategemei tunguri, wala hirizi, wala ungo. Ana chatu tumboni. Si mafumbo: ni nyoka anayeaminiwa yupo kweli, mwenye mwili, anayerithiwa katika damu, na ambaye, aliyembeba akifa, anaweza kutafutwa kwa kupasua maiti. Usiku mwenye chatu analala kitandani kwake kama mimi na wewe, lakini kile alichobeba kinatoka. Kinaruka na upepo, peke yake au kwa kundi, kinaingia zizini na kunyonya viwele mpaka ng'ombe anakauka maziwa na kuharibu mimba. Kisha kinaingia ndani ya watu na kuwatafuna kutokea ndani.

Na mgonjwa anajuaje? Kwa ndoto! Hapa ndipo niliposimama nikazunguka chumba. Ukiota unakabwa koo, ni wao. Ukiota unafukuzwa, unapigana, unapaa angani, ni wao. Ukishtuka katikati ya usiku umelowa jasho na woga usioujua chanzo chake, huhitaji kuuliza umepatwa na nini. Katika mfumo huu usingizi ni uwanja wa mapambano, na ndoto inahesabiwa ushahidi sawa na alama ya unyayo kwenye tope.

Najua, najua. Daktari wa usingizi atasema hilo ni jinamizi tu: ubongo umezinduka, misuli bado imefungwa na usingizi, kifua kinahisi uzito, akili inajaza picha iliyo karibu. Pemba mwaka 1995 picha iliyokuwa karibu ilikuwa ya Popobawa, pepo anayesemekana kuwavamia watu usingizini, na watu walilala nje kwa makundi kumkwepa. Maelezo ya daktari ni ya kweli na sina ugomvi nayo. Lakini hayana hadithi ndani yake. Hayakuambii ni nani, hayakuambii ni kwa nini, na hayakuambii kesho asubuhi ufanye nini. Maradhi ya Rungwe yanajibu yote matatu, tena kwa mpangilio ambao mwandishi wa filamu angelipwa mamilioni kuutunga.

Tuanze na kwa nini, maana sababu yenyewe ni ya kupendeza mno. Chatu anatamani nyama na maziwa. Basi! Hataki roho yako, hataki kutawala dunia, hana mkataba na shetani. Ana uroho wa mboga. Amesikia harufu ya nyama yako ikipita na hakuitwa.

Ili kuelewa ukubwa wa jambo hili lazima mjue watu hawa walivyokuwa wakiishi, na ndiyo maana kitabu kinaitwa jina hilo. Mvulana wa Kinyakyusa akifika kama miaka kumi alitoka nyumbani kwa baba yake na kwenda kujenga vibanda na wenzake wa rika lake. Kijiji chao kilianza pale, kikakua nao, wakaoa humo, wakazeekea humo. Maana yake jirani yako si ndugu yako. Ni rika. Huna damu inayomlazimisha akupende, wala huna babu mmoja naye wa kuwasuluhisha. Kinachowaunganisha ni kukaa pamoja vizuri, kula pamoja, kunywa pamoja, kuongea mpaka jua lizame. Wenyewe wanakuita ukwangala, na Wilson analirudia jambo hili mpaka unaanza kuona wivu. Sasa fikiria katika kijiji cha namna hiyo mtu achinje ng'ombe na kula peke yake. Hajavunja sheria iliyoandikwa popote. Lakini usiku ule kuna matumbo yaliyolala na njaa, na katika baadhi ya matumbo hayo, inasemekana, mna chatu.

Katika makala yake ya mwaka huohuo wa 1951 Wilson alilinganisha Wanyakyusa na Wapondo wa kwao Afrika Kusini, ambao wachawi wao hawashughuliki na nyama. Wanashughulika na mapenzi: wana Tikoloshe, kiumbe kidogo chenye manyoya, anayelala na watu. Kwa nini hawa wanaota chakula na wale wanaota mahaba? Hoja yake ni kwamba Wapondo waliishi kwa koo kubwa, majirani wengi walikuwa damu moja ambao mtu hakuruhusiwa hata kuwatamani, ndipo hofu ikaegemea huko. Wanyakyusa waliishi na rika, shida yao ilikuwa kugawana. Nipe jinamizi la kijiji chako, ni kama anasema, nami nitakuambia mmejengaje nyumba zenu. Nilitamani kumpigia simu mtu saa ileile.

Halafu wanaingia walinzi. Lo!

Kila hadithi ya kutisha ina mtu anayeona yasiyoonekana: padri, mganga, mtoto mwenye macho makubwa. Rungwe wanaitwa abamanga. Nao wanalala kama watu wengine, lakini katika ndoto wanawaona wachawi, wanawatambua kwa sura, wanapigana nao na kuwafukuza kijijini. Wakuu wa vijiji ndio waliotegemewa zaidi kwa kazi hiyo. Asubuhi mlinzi anajua nani alikuja na alitaka nini. Safi kabisa, mnasema, mashujaa wa kawaida. Sasa shikeni viti vyenu: nguvu ya walinzi nayo inatoka kwa chatu. Na wao wanaye tumboni. Anayekulinda na anayekutafuna wana kitu kilekile ndani. Tofauti ni wanakitumia kwa ajili ya nani, na kwa kiasi gani. Nimesoma riwaya nyingi zinazojaribu kujenga shujaa mwenye doa na kuishia kumvalisha koti jeusi tu. Hapa doa ndilo cheo.

Na bado sijafika kwenye kipande ninachokipenda kuliko vyote.

Kinaitwa pumzi ya watu. Mtu amekosea, na si kosa la kupelekwa barazani: amemtukana mzazi wake, au amewanyima majirani nyama ya karamu iliyowastahili. Hakuna anayempiga. Hakuna anayemsema usoni. Majirani wanashangaa tu. Wanakutana njiani, kwenye migomba, wananong'ona: hivi huyu vipi? Na ule mnong'ono wao, ile hewa inayowatoka vinywani, inamwangukia mkosaji kama baridi. Anatetemeka juani. Anapata homa. Mwili unaweza hata kufa ganzi ukamgomea. Mtu anaugua kwa sababu watu wamemshangaa!

Kwa aliyewahi kukaa Tukuyu, ambako mvua ni nyingi kuliko karibu popote nchini na ukungu wa Mlima Rungwe unashuka mpaka barazani, fikiria kusikia baridi mgongoni na kuanza kujiuliza: hii ni hali ya hewa, ni malaria niliyopanda nayo kutoka Kyela, au ni majirani? Hebu niambieni ni mwandishi gani wa vitisho aliyewahi kutengeneza mashaka mazuri kama hayo kwa vifaa vichache hivyo. Hakuna damu, hakuna kelele. Ni mtu, blanketi, na orodha ya aliowakosea.

Dawa? Mchinje ng'ombe, mle wote. Sitanii. Mgonjwa anakiri kosa, anawakaribisha wenyewe waliompulizia, wanakula, wanasema yaliyokuwa mioyoni, na kwa kuyasema hasira inatoka na baridi nayo inatoka. Hapo ndipo mtambo wote unafunguka na kuonyesha magurudumu yake: nguvu inayoua bila haki usiku ni ileile inayorudi mchana kama mahakama, na hukumu yake ni chakula cha mchana. Wilson anasisitiza kwamba watu wenyewe walitofautisha hayo mawili. Mchawi anafanya kwa siri, kwa uroho wake. Pumzi inatoka kwa wengi, kwa haki.

Nilidhani nimeshiba. Kisha nikafuata barabara ya TANZAM kuelekea mashariki, kwa kusoma tu, nikapita Makambako na Mafinga nikafika Iringa, na kule nikamkuta Robert Edgerton.

Edgerton alikuwa mwanaanthropolojia Mmarekani aliyefanya kazi Uhehe mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1964, pamoja na mwenzake Edgar Winans, aliandika makala kuhusu haki ya Wahehe inayopitia uganga, na kiini chake ni kitu kinachoitwa litego. Mtu amedhulumiwa, labda kaibiwa, na hamjui aliyemdhulumu. Litego linatumwa bila jina. Lenyewe linamtafuta mkosaji, na likimpata halimpigi yeye tu, linagusa na ndugu zake, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukoo ukae chini na kuulizana: jamani, ni nani kati yetu kafanya nini? Akipatikana, analipa, litego linaondolewa.

Mmeona tofauti? Rungwe kijiji kinajua kosa na mwili wa mkosaji unalisikia. Iringa hakuna anayejua chochote, na ni ugonjwa wenyewe unaopeleleza. Ya kwanza ni tamthilia ya ndani ya chumba kimoja, ya pili ni riwaya ya upelelezi ambayo mpelelezi ni homa. Ningetoa alama nyingi kwa zote mbili, lakini moyo wangu uko Rungwe, kwa sababu litego linaumiza wasiokosa, na Wahehe wenyewe, kwa jinsi makala inavyoeleza, waliliogopa kwa sababu hiyohiyo.

Kisha mwaka 1966 Edgerton akatoa makala nyingine ambayo ndiyo iliyonimaliza. Aliuliza watu wa jamii nne, Wahehe wa Iringa, Wakamba na Wapokoti wa Kenya, na Wasebei wa Uganda, swali jepesi: kichaa mnamjuaje? Majibu yalifanana sana. Kichaa anatembea uchi. Anaongea ovyo. Anazurura, analala porini, anashambulia watu. Juu ya chanzo waligawanyika: Wapokoti na Wasebei walisema kuna mdudu sehemu ya mbele ya ubongo, na hawakuwa na matumaini makubwa ya kumponya mtu, Wahehe na Wakamba walitaja zaidi uchawi, na kwa hiyo waliamini tiba ipo. (Mdudu wa ubongo naye anastahili makala yake. Siku nyingine.) Lakini tazameni kilichokosekana kwenye orodha. Kuona vitu wasivyoviona wengine na kusikia sauti, dalili ambazo daktari wa magonjwa ya akili angeuliza mapema kabisa, watu walizitaja kwa nadra mno.

Nikarudi mbio kwenye abamanga. Bila shaka! Katika nchi ambayo mlinzi wa kijiji anaona nyoka wanaoruka kila usiku na asubuhi anasalimiwa kwa heshima, kuona si ugonjwa. Kichaa anatambulika kwa namna alivyokatika na watu: amevua nguo mbele yao, amehamia porini, maneno yake hayamfikii mtu. Filamu zote za akili kuvurugika nilizowahi kuzipenda zinauliza kama macho ya mhusika yanasema kweli. Nyanda za juu kusini zinauliza kitu kingine kabisa: umeona, sawa, sasa unaishije na jirani? Hisia ziko salama. Kilichougua ni ujirani. Sijui kama mnaelewa jinsi hilo linavyogeuza meza kwa mtu anayetaka kuandika hadithi ya aina hii leo. Unaweza kuacha ile hila iliyochakaa ya mwisho, ya mhusika kuzinduka na kugundua yote ilikuwa ndoto, kwa sababu hapa ndoto ndiyo sura ya kwanza ya kesi.

Kasoro zipo, na mhakiki mwaminifu azitaje. Tiba ni ya ng'ombe, na si kila mtu ana ng'ombe. Wilson anaonyesha wazi kwamba mwenye mali ndiye aliyehofiwa kutafunwa, lakini maskini aliyepuliziwa anachinja nini? Tena ushahidi wa mlinzi hauna wa kuukagua. Akisema alimwona mama fulani usiku, nani atapinga ndoto ya mtu mwingine? Zamani kulikuwa na mwavi: mtuhumiwa ananywa, akitapika ni safi. Wakoloni wakaupiga marufuku. Na hapa shauku yangu inapunguza mwendo, kwa sababu kumnyooshea kidole mtu kwamba ni mchawi si hadithi nchini mwetu. Vikongwe wameuawa kwa hilo. Sheria ya Uchawi, iliyoanza mwaka 1928 na ingali kwenye vitabu vyetu kama Sura ya 18, inamfanya mwenye kumtuhumu mwenzake uchawi kuwa mkosaji, na nafurahi ipo. Naupenda mfumo huu kwenye karatasi, ukiwa umesomwa na mtu aliyekaa kwenye kiti. Sitaki kuwa ndani yake saa saba za usiku, wala sitaki bibi yangu awe ndani yake.

Wilson pia ana tabia ya kuueleza mfumo kwa usafi mno, kila kipande kikiingia mahali pake, mpaka unatamani asikike mzee mmoja wa Rungwe akisema hayo yote ni upuuzi, hakuna chatu wala nini, ni watu wana wivu tu. Lazima alikuwepo. Kila kijiji kina mzee huyo na mara nyingi ndiye mcheshi kuliko wote.

Mnaoanza, anzeni na makala yake ya mwaka 1951 inayowalinganisha na Wapondo, ni fupi na ina moto. Kisha ndipo kitabu kizima. Kisha Edgerton wa 1964, halafu wa 1966. Mkitaka cha ziada, Edgerton huyohuyo mwaka 1971 aliandika kuhusu mganga wa Kihehe aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa akili, na mtakutana na mtu makini anayezijaribu dawa zake za miti kwa uangalifu, si yule mganga wa kwenye filamu zetu anayepepesa macho na kutikisa kibuyu.

Na kwa kuwa nimewataja wenye filamu: ndugu watayarishaji wa Bongo, hii hapa, bure kabisa. Nendeni mkaipige Tukuyu wakati wa mvua. Wachukueni wazee wanaojua kunong'ona kwa Kinyakyusa na kuangalia pembeni. Nina sharti moja tu: chatu asionekane, hata mkia. Mkileta nyoka wa kompyuta mmeharibu kila kitu, maana wanaoruhusiwa kumwona ni abamanga peke yao na sisi watazamaji hatumo. Kamera ikae kwa yule mtu mwenye blanketi, tusikie watu wakipita nje na kuacha kuongea wanapofika usawa wa dirisha lake. Bajeti iliyobaki inunue ng'ombe wa karamu ya mwisho, na waigizaji wale kweli.